Amplifaya ya geofoni inayoishi kwa betri mbili za AA: mwongozo kamili wa kuijenga Goma

Betri mbili za AA za alkalini zikiwa mpya hutoa karibu 3.2 V. Zikichoka, kila moja ikishuka hadi 1.0 V, zinatoa 2.0 V. Amplifaya tunayoijenga hapa lazima ifanye kazi kwenye ncha zote mbili, ikuze ishara ya mikrovolti chache kutoka kwenye geofoni (kihisi kinachogeuza mtetemo wa ardhi kuwa umeme), na isile zaidi ya mikroampea 40. Ukishaiweza hii, ampli ya maikrofoni au ya kipimajoto haitakusumbua, kwa sababu hesabu ni zilezile: kwanza unagawa volti, kisha unagawa mikroampea, na chuma cha kulehemu kinakuja mwisho.

Geofoni tumeichagua kwa sababu ya mji wenyewe. Goma imejengwa juu ya lava. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021, na mwanafunzi wa hapa ana kila haki ya kutaka kuuona mtetemo wa ardhi kwa macho yake. Tena umeme hukatika, kwa hiyo chombo kinachotegemea soketi ya ukutani hulala siku ambayo ungependa kiwe macho.

Jambo moja kabla ya yote: chombo hiki ni cha kujifunzia. Tahadhari ya mlima hutoka Observatoire Volcanologique de Goma (kituo cha kuchunguza volkano) na kwa mamlaka. Lori likipita barabarani huchora kwenye grafu mlima mkubwa kuliko tetemeko dogo, na picha ya grafu hiyo ikirushwa WhatsApp usiku inaweza kuwatoa watu nyumbani bure. Usiirushe.

Volti: nani anakula kiasi gani

Opampu yoyote, yaani chipu ya kukuzia ishara, ndani yake ina transista zilizopangwa ghorofa kati ya plasi na minasi, na kila ghorofa hudai sehemu yake ya volti. Chukua jozi ya ingizo ya transista za MOSFET. Chini kuna transista inayotoa mkondo wa jozi. Hiyo haifanyi kazi vizuri chini ya takriban 0.1 V kati ya dreni na sosi, miguu miwili ambayo mkondo hupitia. Juu yake kuna jozi yenyewe, ambayo geti (mguu unaoongoza mkondo) lazima lizidi sosi kwa karibu volti ya kizingiti, ile ambayo transista huanza kupitisha mkondo, tuseme 0.6 V. Kwa hiyo ingizo likishuka chini ya 0.7 V, jozi ya aina ya N inakufa. Kwenye sakiti ya 12 V hutaliona tatizo hilo. Kwenye 2.0 V umepoteza theluthi nzima ya nafasi.

Wabunifu wa chipu hutoka hapo kwa kuweka jozi mbili, moja ya N na moja ya P: ya P hushughulikia ingizo lililo karibu na minasi, ya N lililo karibu na plasi. Ndiyo maana chipu za volti ndogo husifiwa kuwa ingizo lao linafika reli hadi reli, yaani kutoka minasi hadi plasi. Lakini kuna mahali jozi moja inamkabidhi mwenzake kazi, na pale ofseti, ile volti ndogo ya kosa kwenye ingizo, huruka. Kwenye MCP6002 makabidhiano hayo yako karibu 1.1 V chini ya plasi. Ukilisha kwa 3.0 V, ni kwenye 1.9 V. Ishara kubwa ikipanda na kushuka kupitia hapo, wimbi linatoka na kovu. Dawa ni kuuacha mguu wa ingizo ukae karibu palepale, na hapa tunapata bahati: ishara ya geofoni haizidi milivolti chache, kwa hiyo ingizo halisogei.

Kwa hesabu hii utaelewa kwa nini chipu zilizojaa kwenye mabaki ya redio na ampli za magari hazifai. LM358 inaanzia 3 V, na towe lake (mguu ishara iliyokuzwa inapotokea) linakomea karibu 1.5 V chini ya plasi. Ukiipa 3 V umebakiwa na nusu ya nafasi, na ukiipa 2 V hakuna kitu. LM386 inahitaji angalau 4 V, na hukunywa karibu milliampea 4 hata pakiwa kimya, yaani mara mia moja ya bajeti yetu. TL072 ilitengenezwa kwa sakiti za plasi na minasi za volti nyingi. Usipoteze jioni nzima kuzilazimisha.

Mikroampea na kelele: hapa ndipo pa kufikiri

Umeme mdogo hauji bure. Transista inayopitisha mkondo mdogo sana hufanya kazi chini ya kizingiti, na pale nguvu yake ya kukuza hutegemea mkondo peke yake: kila mikroampea moja inakupa karibu mikrosimensi 25. Hakuna ujanja wa kuongeza upana wa transista utakaokuvusha juu ya hapo. Kutokana na namba hiyo moja mambo mawili yanafuata.

La kwanza ni kasi. Tuseme kila transista ya jozi inapitisha 1 µA, na kapasita ya kutuliza iliyomo ndani ya chipu ni pikofaradi 10. Mikrosimensi 25 ukigawa kwa 2π na kwa pikofaradi 10, unapata karibu 400 kHz. Hiyo ndiyo frikwensi ambayo chipu inabaki na ukuzaji wa mara moja tu. Mkondo wa jozi nzima, 2 µA, ukigawa kwa kapasita ileile unakupa kasi ya towe ya 0.2 V kwa mikrosekunde. Ukifungua karatasi ya data ya OPA333 utakuta 350 kHz na 0.16 V kwa mikrosekunde, kwa mkondo wa 17 µA kwa chipu nzima. Hesabu ya kwenye daftari imeangukia karibu kabisa na chipu halisi.

La pili ni kelele. Kelele ya volti ya transista hupungua kwa kipeuo cha pili cha mkondo: ukitaka kelele nusu, lipa mkondo mara nne. Hili ndilo linalotenganisha chipu zinazofanana kwa sura. MCP6041 hula 0.6 µA, na kelele yake ni karibu nanovolti 170 kwa kila √Hz. MCP6002 hula 100 µA kwa kila opampu, na yake ni 28. OPA333 iko katikati: 17 µA na nanovolti 55.

Ungedhani basi MCP6002 ndiyo mshindi. Kwa sauti, ndiyo. Kwa ardhi, hapana. Chini ya makumi ya hezi kuna kelele nyingine inayopanda kadiri frikwensi inavyoshuka, na MCP6002 kati ya 0.1 na 10 Hz hutoa karibu 6.1 µV kutoka kilele hadi bonde. OPA333 huikatakata ishara kwa swichi za ndani na kujisahihisha muda wote, hivyo katika eneo hilohilo hutoa 1.1 µV. Na ofseti yake haizidi 10 µV, wakati ya MCP6002 yaweza kufika 4.5 mV. Zidisha 4.5 mV kwa ukuzaji wa mara 101: karibu 0.45 V ya uongo imesimama kwenye towe lako, nawe una 1 V tu kila upande betri zikichoka. Kwa OPA333 ni milivolti moja. Kwa hiyo tutaunganisha ngazi zote moja kwa moja bila kapasita ya kuzuia mkondo mnyoofu, na kapasita ambayo haipo haivuji.

Geofoni na breki yake

Geofoni ni sumaku na koili, kimoja kikining'inia kwenye springi ndani ya kikopo. Haihitaji umeme; yenyewe ndiyo huzalisha. Ya kawaida ya 4.5 Hz ina koili ya omu 375, hutoa 28.8 V kwa kila mita moja kwa sekunde, na uzito unaoning'inia ni gramu 11.1. Ikiachwa wazi, breki yake ni 0.56: ukiigonga hupita mstari kwa karibu asilimia 12 kabla ya kutulia. Tunataka 0.7, ambapo inapita kwa chini ya asilimia 5.

Breki huongezwa kwa kuweka rezista sambamba na koili. Jumla ya omu za koili na rezista hiyo hupatikana hivi: 28.8 mara 28.8, gawa kwa (2 × 0.0111 × 2π × 4.5 × 0.14). Ile 0.14 ni nyongeza ya breki unayoitaka. Jibu ni karibu 9,440. Ondoa 375 za koili, unabaki na 9,065. Rezista ya 9.1 kΩ inatosha. Kosa linalorudiwa mno ni kunakili 1 kΩ kutoka kwenye mchoro wa geofoni nyingine. Kwa hii, 1 kΩ inapandisha breki hadi 1.5, na ishara zote za karibu na 4.5 Hz zinazama. Soma karatasi ya geofoni uliyonayo mkononi, uifanye hesabu upya.

Baada ya rezista hiyo ishara inashuka kidogo hadi 27.7 V kwa mita kwa sekunde. Na ujue mpaka wa chombo: chini ya 4.5 Hz geofoni inapoteza nguvu kwa kasi, kiasi kwamba kwenye 1 Hz unabaki na sehemu moja ya ishirini. Mitetemo ya polepole ya magma inayosogea utaiona kwa shida. Matetemeko madogo ya karibu utayaona vizuri.

Sakiti, ngazi kwa ngazi

Vipuri vyote ni hivi:

- geofoni ya wima, 4.5 Hz, koili karibu omu 375: 1
- OPA2333 (ni OPA333 mbili ndani ya chipu moja), umbo la SOIC-8: 1
- MCP6041: 1
- rezista za asilimia 1: 470 Ω mbili, 1 kΩ mbili, 9.1 kΩ moja, 10 kΩ moja, 100 kΩ mbili, 1 MΩ tatu
- kapasita: 10 nF ya filamu moja, 47 nF za filamu mbili, 100 nF za seramiki tatu, 10 µF ya seramiki aina ya X7R moja, 100 µF ya elektroliti moja
- diodi 1N4148: 4
- betri za AA za alkalini 2, kishikio chake, na bodi ndogo ya kugeuza SOIC-8 kuwa miguu ya kawaida

*Rejea.* Tuna plasi na minasi tu, lakini ishara inapanda na kushuka, kwa hiyo inahitaji sakafu ya katikati. Unganisha rezista mbili za 1 MΩ kutoka plasi hadi minasi. Katikati yake weka ile 10 µF kwenda minasi, na pointi hiyohiyo iingie mguu wa plasi wa MCP6041 (yaani ingizo la +, siyo mguu wa lishe). Mguu wake wa minasi (ingizo la −) urudishe kwenye towe lake. Towe hilo ndilo rejea ya sakiti nzima. Gharama yake ni 1.5 µA kwenye rezista na 0.6 µA kwenye chipu.

Usiweke kapasita ya elektroliti pale katikati. Elektroliti ya kawaida ina ruhusa ya kuvuja mikroampea 3, na pointi ile inaonekana kama omu laki tano. Tatu kwa laki tano ni 1.5 V: sakafu yote imeanguka chini. Kinachochosha ni kwamba elektroliti mpya mara nyingi huvuja kidogo kuliko ruhusa yake, basi mezani chombo kinafanya kazi, halafu kinageuka baada ya miezi. Kwenye sakiti za mikroampea, kapasita inayovuja ni mlaji kama walaji wengine, ila haimo kwenye orodha.

*Mlango.* Weka 9.1 kΩ sambamba na waya mbili za geofoni. Kila waya ipitie 470 Ω. Mmoja unaishia kwenye rejea, mwingine kwenye mguu wa plasi wa opampu ya kwanza. Kati ya miguu hiyo miwili, baada ya zile 470 Ω, weka 10 nF. Kazi yake ni kumeza mawimbi ya simu na cheche za plagi za pikipiki, ambazo opampu huzigeuza kuwa vijimlima vya uongo. Diodi nne ni za radi: kila waya ina moja kuelekea plasi na moja kutoka minasi, zote zikiwa zimezibwa wakati wa kawaida. Hazitaokoa chombo kilichopigwa moja kwa moja, lakini mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na radi ya mtaa wa pili tu huweka volti za kutosha kwenye waya kuua ingizo lisilo na ulinzi.

*Ngazi ya kwanza.* Opampu A: 100 kΩ kutoka towe hadi mguu wa minasi, na 1 kΩ kutoka mguu wa minasi hadi rejea. Ukuzaji ni mara 101. Sambamba na 100 kΩ weka 47 nF. Chujio linaanza kukata kwenye 34 Hz. Angalia kasi kama inatosha: 34 Hz mara 101 ni karibu 3.4 kHz, na chipu ina 350 kHz. Tuna akiba ya mara mia. Ungetumia MCP6041 hapa ili kuokoa zile mikroampea 17, kHz 14 zake zingekuachia akiba ya mara nne tu, na ukuzaji ungeanza kubadilika kwa joto na kwa umri wa betri. Kila chipu ina kazi yake.

*Ngazi ya pili.* Opampu B: 100 kΩ na 10 kΩ, mara 11, na 47 nF nyingine sambamba na 100 kΩ. Mguu wa chini wa 10 kΩ uende kwenye rejea kupitia kijiti cha kuunganisha. Ukikichomoa, ngazi hii inakuwa mara 1. Jumla ni mara 1,111 kijiti kikiwepo, mara 101 kikiondoka. Kijiti si pambo. Kwa mara 1,111 na betri mpya, towe linagonga reli geofoni ikitoa 1.4 mV, yaani ardhi ikisogea kwa mikromita 50 hivi kwa sekunde. Karibu na barabara yenye malori hilo ni jambo la kila saa. Pale ondoa kijiti.

*Lishe.* Kati ya plasi ya betri na plasi ya chipu mbili weka 1 kΩ, kisha 100 µF kwenda minasi, na 100 nF kwenye miguu ya kila chipu. Mtu aliyezoea ampli kubwa atashtuka kuona 1 kΩ kwenye njia ya lishe. Lakini mkondo ni 36 µA, basi kinachopotea ni 36 mV. Kwa bei hiyo ndogo unapata chujio linaloanza kukata kwenye 1.6 Hz, linalozuia mshtuko wa kadi ya kumbukumbu itakayohifadhi vipimo usifike kwenye ishara. Hapa elektroliti inaruhusiwa, maana inavyovuja inaongeza tu mikroampea chache kwenye matumizi. Ile 100 nF ya tatu ni ya mlango wa betri.

Jumlisha sasa. OPA2333 ni 34 µA, rejea ni 2.1, jumla 36. Betri nzuri ya alkalini ina karibu mAh 2,500 kwa mkondo mdogo; gawa, unapata zaidi ya saa 69,000, karibu miaka minane. Betri inaweza kuzeeka kabla ya amplifaya kuimaliza. Asiyepata OPA2333 atumie MCP6004, yenye opampu nne na 400 µA: atapata siku 260, na atalazimika kuzuia ofseti kwa kapasita ya filamu yenye thamani kubwa kati ya ngazi mbili. Ni njia halali, ila kelele yake ya chini itakuwa juu mara kadhaa.

Kulehemu, na uchafu usioonekana

OPA2333 ni ndogo: miguu yake inaachana milimita 1.27. Paka fluksi kwenye bodi hiyo ndogo, lehemu mguu mmoja wa pembeni, nyoosha chipu, kisha mguu wa pembe ya pili, ndipo uvute risasi kwenye safu nzima. Daraja la risasi kati ya miguu miwili liondoe kwa utepe wa shaba wenye fluksi. Chuma cha digrii 320 hadi 350 kinatosha. Ukikibakiza zaidi ya sekunde tatu, unaweza kuinua njia za shaba.

Kisha osha, na hatua hii usiiruke. Mabaki ya fluksi yakikutana na unyevu wa msimu wa mvua huwa rezista ya megaomu chache, mahali popote inapopenda. Ikishika kati ya plasi na ile pointi ya 1 MΩ na 1 MΩ, rejea inapanda mvua ikinyesha na kushuka jua likitoka. Tumia alkoholi ya isopropili na mswaki wa zamani, mara mbili, mara ya pili kwa alkoholi safi, kwa sababu ya kwanza husambaza uchafu tu. Mafuta ya taa hayafai. Baada ya kukauka, paka vanishi nyembamba upande wa rejea.

Kupima kabla ya kuamini

Anza na mkondo. Usitumie mkondo wa multimita moja kwa moja. Pima volti juu ya ile 1 kΩ ya lishe. Multimita ya kawaida kwenye 200 mV husoma hadi 0.1 mV, na kwa 1 kΩ hiyo ni 0.1 µA. Unatarajia kati ya 34 na 45 mV. Ukiona 200 mV, kuna daraja la risasi, diodi iliyogeuzwa, au chipu imewekwa kinyume. Ukiona 60 hadi 80, shuku elektroliti: iache imechajiwa saa kadhaa, upime tena, mpya hutulia, mbovu haitulii.

Halafu rejea. Subiri nusu dakika, kwa sababu 10 µF na omu laki tano huchukua sekunde tano kwa kila hatua ya kuchaji. Pima kwenye towe la MCP6041, siyo kwenye katikati ya rezista. Multimita nyingi za bei nafuu zina megaomu 1 tu ndani yake. Ukigusa katikati, 1.5 V inasomeka 1.0 V, nawe utaanza kubadilisha vipuri vizima.

Ondoa geofoni, unganisha waya zake mbili pamoja. Towe la mwisho likae ndani ya milivolti 15 hivi kutoka rejea. Likiwa limegonga reli, angalia kama mguu wa chini wa 1 kΩ au wa 10 kΩ umeingia minasi badala ya rejea. Ni kosa jepesi kufanya, na dalili yake haibadiliki: towe limeganda juu karibu na plasi.

Sasa jaribu geofoni yenyewe. Irudishe, ondoa kijiti, iweke imesimama wima mezani pasipo mtu kutembea. Chukua 1 MΩ ya tatu, iguse kutoka plasi hadi waya wa ishara kwa sekunde mbili, uiachie. Mikroampea 1.5 zilizopita zilisukuma uzito kwa mikromita tano hivi. Ukiachia, unarudi, na towe linatoa wimbi moja la karibu 0.2 V. Tazama mkia wake kwenye osiloskopu au kwenye kompyuta. Kukiwa na wimbi la pili dogo sana, breki ni sawa. Likiendelea kuchezacheza, rezista ya 9.1 kΩ haijashika. Wimbi lisipotokea kabisa wakati koili inasomeka omu 375, uzito umekwama: geofoni imeinama au iliwahi kuanguka.

Mwisho rudia vipimo vyote kwa 2.0 V, ukitumia betri zilizochoka. Sakiti iliyopimwa kwa betri mpya tu haijapimwa.

Upande wa dijitali ndio mlafi

Kipimo cha ADS1115, chipu inayogeuza volti kuwa namba, kinafaa: biti 16, hufanya kazi kuanzia 2.0 V, 150 µA. Pima tofauti kati ya towe na rejea, siyo kati ya towe na minasi, ili mtikisiko wowote wa rejea ufutike. Kwenye kipimo cha ±2.048 V hatua moja ni 62.5 µV. Kelele ya amplifaya yetu ndani ya 34 Hz ni kama 2 µV kutoka kilele hadi bonde. Kwa mara 1,111 inafika zaidi ya hatua 30, kwa hiyo kipimo hakiongezi kelele yake. Kwa mara 101 ni hatua tatu tu, bado inakubalika. Piga sampuli angalau mia mbili kwa sekunde.

Kuhusu kidhibiti, ESP32 ikiwa macho hula makumi ya milliampea. Kwa 50 mA, betri zako ni saa 50. ATmega328P kwenye 1 MHz hula chini ya milliampea moja. Jumla ya mfumo ikiwa 1 mA, una siku mia moja, na amplifaya imechukua chini ya asilimia 4 yake. Ukitaka miezi zaidi, usiiguse tena amplifaya: kusanya sampuli kwenye kumbukumbu ya ndani na uandike kwenye kadi mara chache, kwa mafungu makubwa.

Kuifunga ardhini

Goma huchimbi kirahisi. Mahali pengi ukitoa sentimita chache za udongo unakutana na jiwe jeusi. Tafuta mwamba uliotulia, siyo kokoto nyepesi zenye matundu ambazo hucheza peke yake. Gonga kwa nyundo: mwamba mzima hulia kwa mlio mkavu, ule uliolegea hulia kama chungu kilichopasuka. Safisha kwa brashi, weka saruji kidogo, simamisha geofoni kwa pimamaji hadi iwe wima, uiache siku nzima. Kaa mbali na miti, maana upepo huyumbisha mizizi, na mbali na njia ya chukudu (zile baiskeli za mbao za mizigo) na malori kadiri kiwanja kinavyoruhusu.

Usishuke kwenye mashimo na mabonde yaliyofungwa kutafuta utulivu. Mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dayoksaidi inayokaa mabondeni, haina rangi wala harufu ya kukuonya, na asubuhi bila upepo ndipo hukusanyika. Mwamba wa juu wenye malori ni bora kuliko shimo tulivu.

Kebo iwe ya waya mbili zilizosokotwa zenye ngao, isiyozidi mita tatu, ngao ikiunganishwa na minasi upande wa boksi pekee. Umeme wa mtaani ni wa 50 Hz, na machujio yetu mawili huuacha upite theluthi moja. Kinachouzuia hasa ni msokoto na ngao. Ukiona grafu nene iliyotulia ambayo inapotea kila umeme unapokatika, umeshapata jibu: sogeza kebo mbali na waya wa nyumba.

Boksi liwe la plastiki lenye mpira wa kuziba, na kifuko cha silika ndani. Gesi za mlima zikichanganyika na mvua huleta asidi inayokula mabati, na springi za kishikio cha betri huliwa vilevile. Paka vaselini nyembamba kwenye ncha za betri, na kila unapofungua boksi kusoma kadi zizungushe betri mara moja papo hapo ili chuma kiguse chuma safi. Kapasita za seramiki nazo huitikia mtikisiko kwa kuzalisha volti kidogo, hivyo bodi isifungwe kwenye mwamba uleule: iweke juu ya sponji, kando, na geofoni peke yake ndiyo ishike jiwe.